Asante, dada wa kituo cha kasa

Dada uliyetupokea kwenye kituo cha kuhifadhi kasa, jina lako hatukulipata, lakini wanafunzi wangu bado wanakutaja. Mmoja wao haoni vizuri. Ulimwacha apapase gamba tupu kwa vidole, taratibu, huku ukimweleza kuwa joto la mchanga ndilo huamua jinsia ya watoto wa kasa: ukiwa na joto zaidi huanguliwa majike wengi, ukipoa madume. Hukumharakisha hata kidogo, ingawa wenzake walikuwa wamejipanga nyuma yake. Ukawaonyesha pia mfuko wa plastiki unaoelea majini, wakaelewa kwa nini kasa huudhani yavuyavu akaumeza. Siku hizi huyo mtoto ndiye anayewasimulia wengine habari za kasa. Mungu akuzidishie, dada. Tunakushukuru sana.