Kwa walimu vijana: kiboko hakitibu usonji

Wanangu walimu,

Marahaba nyote. Leo nina neno, na si tamu.

Juzi nilimfuata mjukuu wangu shuleni kwake, nikakuta mtoto wa darasa la tatu amepigishwa magoti nje ya ofisi. Kengele ilipolia aliziba masikio akajificha chini ya dawati, na mwalimu alipomwita hakumtazama usoni. "Ana kiburi huyo," nikaambiwa. Kiburi! Mtoto yule alinitajia vituo vya reli ya kati akiwa palepale magotini, macho yake kwenye kifungo cha shati langu: Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Tabora, Kaliua, Uvinza, Kigoma. Hakukosea mpangilio hata mara moja.

Ule ni usonji, hali ya ubongo anayozaliwa nayo mtu. Ubongo wake hupokea sauti, mwanga na mguso kwa namna nyingine. Kengele msiyoijali ninyi, yeye inamuumiza kwelikweli. Ukimchapa umemwongezea maumivu, na kosa lake bado halijui. Kanuni zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Nani kati yenu anazifuata? Hata mkizifuata, ubongo haubadilishwi kwa fimbo. Mjulisheni kabla kengele haijalia. Mwelekezeni jambo mojamoja, kwa maneno yasiyo na mafumbo. Ukimfokea "rudia uone!" atarudia, maana umemwambia arudie.

Anayesoma kwa kusuasua ilhali akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri, huenda ana disleksia, yaani ubongo wake unapata shida kusoma maandishi; si mvivu. Asiyetulia, anayeacha kazi katikati na kusahau daftari kila siku, huenda ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya ashindwe kutulia na kumakinika. Anayekonyezakonyeza macho bila kukusudia, mwacheni.

Na jamii yetu nayo! Mtoto akichelewa kusema, mama anaambiwa karogwa au kavunja mwiko, baba anahama nyumba. Hata wataalamu wa Ulaya na Marekani waliwahi kuwalaumu akina mama wa watoto wenye usonji kwamba hawana upendo, mpaka utafiti wa mapacha wa mwaka 1977 ulipoonyesha kuwa urithi una nafasi kubwa. Mama hana hatia, wanangu. Akija shuleni mpeni kiti, mumsikilize.

Najua mnafundisha watoto 80 katika chumba kimoja, na chuoni haya mliyapitia juujuu. Basi daini mafunzo. Mthibiti ubora akija, mwambieni hilo kabla hajaomba maandalio ya somo.

Mimi mwalimu wenu mstaafu.