Barua kwa Wafula: vita vya ziwani juu ya meza

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa ndugu Wafula,

Salamu nyingi kutoka Kisumu. Natumaini wewe, mama watoto na watoto wote hamjambo huko Nakuru. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeipata, na kwa kuwa uliniuliza mambo mengi kwa mpigo mmoja kuhusu sanamu ndogo za michezo ya vita, nimeona heri nikujibu kwa maandishi kuliko kwa simu, ili uwe na kitu cha kurejelea utakapokuwa na brashi mkononi.

Nianze na kifaru cha kivita ulichonunua. Kijenge kwa raha zako, lakini usikichanganye na askari niliokuonyesha ulipokuja. Hicho ni cha kipimo cha 1/35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35, ambacho mtu wa kimo cha kawaida hufikia sentimita 5, ilhali askari wangu ni wa 1/72, na kimo chao ni kama milimita 24 tu. Isitoshe, katika vita ninavyovijenga mimi hapakuwa na kifaru hata kimoja. Ni vita vya mwaka 1914 na 1915 vya pande zetu hizi, katika Vita Kuu ya Kwanza, wakati Waingereza na Wajerumani walipopigana Kisii tarehe 12 Septemba 1914, kisha Juni mwaka uliofuata wanajeshi wa Uingereza wakapanda meli hapa Kisumu, wakavuka Ziwa Victoria, wakatua karibu na Bukoba, mji uliokuwa wa Wajerumani, tarehe 22 na kuuteka mji siku iliyofuata. Walikwenda kuvunja kituo cha simu ya upepo (redio) cha Wajerumani, wakakivunja, wakaupora mji na kurudi walikotoka. Kwa mchezo wa meza sijui tukio lililo bora kuliko hilo: lina kutua ufukoni, vilima vya mawe, mashamba ya migomba, na lengo moja ambalo kila mchezaji analiona kwa macho, yaani mnara wa kituo hicho.

Chombo kikubwa mezani kwangu, basi, ni meli, na hapo ndipo hesabu ya vipimo inapomsumbua kila anayeanza. Meli ya mita 50 ikipunguzwa kwa 1/72 inakuwa na urefu wa karibu sentimita 70, nayo itakula robo ya meza kabla hata askari hajashuka. Ardhi ni shida zaidi: bunduki inayofika mita 500 ingehitaji karibu mita 7 za meza, na mimi sina sebule ya namna hiyo. Ndiyo maana wachezaji wote hukubaliana kwamba sanamu zina kipimo chake na ardhi ina kipimo kingine kidogo zaidi, na kwamba nyumba moja inawakilisha kijiji. Ukishalikubali hilo moyoni, hutaona aibu kuifupisha meli. Yangu nimeipa sentimita 45, nimeikata kwenye usawa wa maji kwa kuwa haitaelea popote, mwili ni kadibodi ngumu iliyopakwa gundi nyeupe ya seremala pande zote mbili ili isipinde, na bomba la moshi ni kipande cha kalamu iliyokwisha wino. Ribiti, vile vichwa vya misumari inayounga mabati ya meli, nimezitia kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja moja la gundi ile ile. Ni kazi ya kuchosha, lakini rangi ikipita juu yake utadhani ni chuma.

Hata meli zenyewe za ziwa hili zilikuja vipande vipande. Ile iitwayo William Mackinnon ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi huku na kuunganishwa upya, ikashushwa majini mwaka 1900. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, kwa hiyo bila shaka sehemu ya safari ya vyuma hivyo ilikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Likumbuke hilo, kwa maana nitalirudia.

Mandhari hayatakugharimu pesa nyingi. Kwa vilima natumia povu gumu jeupe la maboksi yanayopakiwa minofu ya samaki, ambayo hapa yakivunjika hutupwa. Yaoshe kwa sabuni, uyaanike, kisha uyakate kwa kisu kipya chenye makali. Usithubutu kuyapulizia rangi ya kopo wala kuyagandisha kwa gundi ya plastiki, kwa sababu vimiminika vilivyomo huyayeyusha mbele ya macho yako. Gundi ya seremala na rangi ya maji ndizo zinazofaa. Udongo mwekundu chekecha kwa chujio la chai, ukaushe jikoni kwenye sufuria ya zamani, si ile ya mama watoto. Majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakikaushwa sawasawa, yanakuwa majani yaliyoanguka chini ya miti, ila yakibaki na unyevu yataota ukungu. Paa za nyasi nazitengeneza kwa nyuzi za kamba ya katani zilizokatwa fupi na kupangwa safu kwa safu kuanzia chini kwenda juu, kama fundi wa nyumba anavyofanya. Mgomba ni waya mwembamba uliobanwa kati ya karatasi mbili, ukakatwa umbo la jani na kuchanwa kingo kwa wembe, maana jani la mgomba lisilochanwa na upepo nimeliona dukani tu.

Maji usiyapake buluu. Ghuba ya Winam ina tope, nami hutumia kahawia iliyochanganywa na kijani, halafu vanishi ya kung'aa tabaka juu ya tabaka. Pembeni weka mafunjo na matete kadiri upendavyo, lakini gugumaji hapana! Najua limetuzoesha kuliona hata tukadhani liliumbwa pamoja na ziwa, ila asili yake ni Amerika Kusini, na mwaka 1915 halikuwapo.

Kuhusu rangi ya ngozi, ambayo uliiuliza mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, mimi naiona ndiyo kazi yenyewe. Maelekezo mengi yanayouzwa pamoja na rangi yameandikwa kwa ajili ya sura za Wazungu, na mtu akiyafuata kwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hupaka kahawia moja, kisha anaongeza nyeupe kwa sehemu zinazopigwa na mwanga, na matokeo yake ni uso wa jivu kama wa mtu aliyeugua. Nyeupe iache kando. Anza na kahawia nzito uliyoitia zambarau kidogo, uiache ikauke. Paji la uso, pua, mashavu na mifundo ya vidole zing'arishe kwa kahawia yenye wekundu, na mguso wa mwisho uwe wa rangi ya udongo wa manjano, mdogo kabisa. Kisha badilisha mchanganyiko kwa kila askari wawili watatu, kwa sababu kikosi kile kilikuwa na watu wa makabila mengi, na hata katika familia moja sisi hatufanani. Viganja vipake rangi iliyo nyepesi zaidi. Mavazi hayana ugumu: kaki kwa pande zote mbili, na kofia za tarbushi zenye kifuniko cha kaki; askari wa Kijerumani wana kitambaa kinachoshuka kisogoni, na wetu wengi hawana viatu.

Jambo moja zaidi kuhusu Wajerumani: vita vilipoanza, makampuni yao mengi ya askari yalikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti inayotoa moshi mwingi. Mezani kwangu kampuni ya namna hiyo ikifyatua, inawekewa kipande cha pamba, na adui ana haki ya kuilenga hata ikiwa imejificha ndani ya migomba.

Joto la hapa hukausha rangi ya maji kwenye kisahani kabla hujamaliza koti moja, kwa hiyo weka sponji yenye maji ndani ya chombo kifupi, itandike karatasi ya kuokea juu yake, na rangi uichanganyie hapo. Vanishi ya kupuliza piga asubuhi siku kavu. Mvua ikikaribia hewa hujaa unyevu na vanishi hugeuka ukungu mweupe usiotoka.

Sasa wapagazi. Maboksi ya sanamu yamejaa watu wenye bunduki, na wapagazi ni wa kutafuta kwa tochi. Mchezo wa vita vya Afrika Mashariki usio na wapagazi mimi siuchezi, kwa kuwa bila wao hakuna jeshi lililosogea hatua moja. Unajua kwamba mwaka 1917 walikusanywa kwa nguvu, kwamba Nyanza ndiyo iliyotoa sehemu kubwa, na kwamba walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo nawaunda mwenyewe. Chukua askari wa ziada, mkate bunduki na mkoba, inua mkono mmoja kwa kuukata begani na kuugandisha upya, kisha mzibie pengo kwa puti ya epoksi, ule udongo wa gundi unaokauka ukawa mgumu, na umvishe shuka kwa puti hiyo hiyo kabla haijakauka. Mzigo wa kichwani ni kijiti cha kiberiti kilichokatwa visanduku, au karatasi laini iliyolowekwa gundi na kufungwa uzi. Wapake kwa uangalifu ule ule unaompa afisa, au zaidi.

Katika kanuni zangu bunduki ya rashasha haifyatui kama hakuna kitako cha wapagazi (kibao walichogandishiwa) ndani ya sentimita 10, na kikosi kinachowaacha nyuma kinapoteza zamu. Mpwa wangu hunung'unika kwamba wapagazi wanauchelewesha mchezo. Namjibu kwamba majenerali nao walilalamika vivyo hivyo, kisha namwachia dadu.

Nina ombi moja. Vilima vya Bukoba vinahitaji mawe, na ya huku ni mazito mno kwa povu. Hapo kwenu pande za Menengai kuna yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Niokotee mfuko mmoja wa kilo mbili, madogo kwa makubwa, unitumie kwa matatu ya Kisumu na kunipigia simu gari likiondoka. Nipe pia vipimo vya meza yako, nikate ufuo wa kutosha, maana Desemba nitakuja nao kwako. Wewe utaongoza Wajerumani, kwa kuwa mpwa wangu ameshajitwalia meli.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Otieno