Baada ya utepe kukatwa, nani anapima dawa ya josho?

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako tangu nikiwa mwalimu kijana na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari ya uzinduzi wa josho, yaani shimo la dawa ya kuua kupe tunamoogeshea ng'ombe, mliyoichapa wiki iliyopita, sikuweza kuinyamazia. Mgeni rasmi alisema ng'ombe wanakufa kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoenezwa na kupe, kwa sababu wafugaji hatuna mwamko wa kuogesha, na mwandishi wenu akayabeba maneno hayo kama yalivyo. Hakuna mfugaji hata mmoja aliyeulizwa.

Mwamko tunao. Mtoto wa darasa la nne hapa kwetu anajua kukagua kupe ndani ya masikio. Anajua pia kuwa mitoki ikivimba chini ya sikio na mbele ya bega, halafu ng'ombe akaanza kuhema na kutoa povu puani, muda umeshakwisha. Na tunajua kwa nini ratiba ya kuogesha haichezewi: kupe akishang'ata, vijidudu vya ndigana huchukua siku kadhaa kukomaa kwenye mate yake, kwa hiyo akifa mapema ng'ombe anapona. Lakini afe kwa dawa, si kwa maji ya tope.

Mwaka jana nilipoteza mtamba wa maziwa aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Nilimpeleka josho kila wiki na kulipa kama wenzangu. Dawa iliwekwa kwa kipimo siku ya uzinduzi, wageni wakiwepo, na baada ya hapo ikawa ni kukisia tu. Josho halina paa, mvua za Januari zikalijaza. Kiangazi maji yakapungua, yakaongezwa kwa ndoo, na dawa ikamiminwa kwa macho, bila mtu kujua shimo lina lita ngapi. Ng'ombe wakawa wanatoka upande wa pili wakichuruzika maji huku kupe wakitembea masikioni wazima kabisa. Nikamwonyesha msimamizi, akaniambia hao ni kupe wapya wa malishoni. Wapya wa malishoni, na mnyama bado amesimama kwenye sakafu ya kuchuja maji! Mtamba alipovimba mitoki nilimpigia simu mtaalamu. Alifika kesho yake jioni na sindano ya buparvakwoni, dawa ya kutibu ndigana, na mtamba akafa usiku huo. Sitaki pole. Nataka mtu anijibu kwa nini tunalipishwa kuogesha kwa dawa hafifu, ambayo madhara yake yanazidi hata ya maji matupu, kwa sababu inaua kupe dhaifu na kuwaacha sugu, na jike mmoja wa kupe hao wa masikio hutaga mayai kwa maelfu. Kwa mtindo huu tunazalisha kupe sugu kwa fedha zetu wenyewe, kisha gazeti linatwambia hatuna mwamko.

Waliokata tamaa na josho wanapulizia nyumbani kwa pampu. Dawa ya kupe ya amitrazi ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Ukiuziwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, utajuaje hata kama ni amitrazi? Wapo wanaotumia dawa ya nyanya. Wapo wanaompulizia kuku mwenye utitiri dawa hiyo hiyo, kisha wanaokota mayai jioni.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na la watu. Dada yangu anaishi Dodoma vijijini, kwenye nyumba ya tembe, na papasi, kupe wa majumbani wanaong'ata watu, wamejaa kwenye nyufa za kuta na vumbi la sakafu. Wanatoka usiku, wananyonya, wanarudi mafichoni. Homa yake inapanda, inashuka, baada ya siku chache inarudi, na kila akienda zahanati anapewa dawa za malaria. Homa ya papasi si kitu kigeni: mwaka 1905 madaktari watafiti Dutton na Todd waliithibitisha huko Kongo, na Dutton mwenyewe ikamuua. Vijidudu vyake huonekana kwenye damu ile ile inayochukuliwa kupima malaria, mradi mtu aiangalie kwa hadubini. Siku hizi wanapima kwa kile kipimo cha haraka, ambacho kazi yake ni malaria tu, na hadubini imefunikwa kitambaa. Kwa mama mjamzito homa hii inaweza kutoa mimba.

Ninachoomba ni hiki. Kila josho lipakwe ubao mweusi ukutani, uandikwe jina la dawa, lita za dawa, lita za maji, tarehe ya kuweka na tarehe ambayo sampuli ilipelekwa maabara. Kijiti cha kupimia kina cha maji kifungwe kwa mnyororo pale pale, kisiwe nyumbani kwa mwenyekiti. Na kila mgeni rasmi aliyekata utepe arudi mvua zikiisha, bila mahema wala viti vya kukodi, achote chupa moja mbele yetu baada ya ng'ombe wa kwanza kuyavuruga maji, aipeleke mwenyewe maabara ya veterinari, na majibu yabandikwe kwenye ofisi ya kata.

Mwandishi wenu naye arudi. Sisi tunaogesha Jumamosi, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi.

Mwalimu mstaafu na mfugaji,
Kilolo, Iringa