Jibu la swali la Capel Celyn

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kwa kuwa wengi mlilikosa swali la Welisi (Wales) kuhusu kijiji cha Capel Celyn katika chemsha bongo ya Jumapili, naomba nilifafanue kidogo.

Capel Celyn kilikuwa kijiji cha wasemaji wa Kiwelisi katika bonde la Tryweryn, karibu na mji wa Bala, chenye kanisa, shule na posta, ambacho kilizamishwa na bwawa mwaka 1965 ili jiji la Liverpool lipate maji. Sheria iliyoruhusu bwawa hilo ilipitishwa Bungeni London mwaka 1957 bila mbunge hata mmoja wa Welisi kuiunga mkono. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi mwaka 2005, kwa maoni yangu kwa kuchelewa mno.

Karibu na kijiji cha Llanrhystud, pwani ya magharibi ya Welisi, umesalia ukuta wa nyumba ya mawe iliyobomoka, ulioandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyekundu: Cofiwch Dryweryn, yaani “Kumbukeni Tryweryn”. Mwenzetu aliyedai kwamba hiyo D badala ya T ni kosa la tahajia ajue kuwa Kiwelisi hubadilisha herufi ya mwanzo ya neno kufuatana na neno linalolitangulia.

Swali lijalo litahusu Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, ambako Wawelisi walihamia mwaka 1865.