Mwanangu, khudi si ubinafsi

Mwanangu mpenzi,

Ukianza Kiurdu, ubeti watakaokutajia mapema ni huu wa mshairi Muhammad Iqbal, uliomo katika Bal-e-Jibril (1935):

Khudi ko kar buland itna ke har taqdir se pehle
Khuda bande se khud puchhe, bata teri raza kya hai

Yaani: inua khudi yako hata, kabla ya kila takdiri, Mungu mwenyewe amwulize mja wake: niambie, radhi yako ni ipi? Takdiri na radhi unazijua, Kiarabu kimetugawia sote. Kinachokwaza ni khudi. Ukiweka “ubinafsi” au “kiburi”, umerudi kwenye maana ya zamani, ile ambayo masufi walitaka mtu aifishe ajipoteze kwa Mola kama tone baharini. Iqbal aliligeuza neno hilo tangu kitabu chake Asrar-e-Khudi cha 1915, alichokiandika kwa Kiajemi: khudi ni nafsi inayojitambua, ikakomazwa na ishq (mapenzi) na juhudi. Tone lake haliyeyuki, linakuwa lulu. Lakini angalia neno bande. Mja amebaki mja, na anaulizwa tu. Wanaousoma ubeti huu kama majigambo huliruka hilo.

Sasa mizani. Kwetu mstari wa shairi una mizani 16, na vidole vinatosha. Hapa vitakudanganya: mstari wa kwanza ukiuhesabu kwa sikio utapata 15. Washairi wa Kiurdu hupima uzito wa silabi. Kigezo cha bahari hii, yaani mpangilio wa silabi wa ubeti wetu, ni mafa'ilun mara 4, kila kimoja fupi moja na ndefu tatu:

khu-di-ko-kar / bu-lan-dit-na / ke-har-taq-di / r-se-peh-le

Ile r ya taqdir inahesabiwa peke yake kuwa silabi fupi. Ndiyo ya 16. Buland na itna nazo husomwa zikiwa zimeungana. Ukitua katikati yake, bahari imevunjika.

Kiitikio (radif) cha ghazali nzima, shairi ulimo ubeti huu, ni kya hai, “ni nini”, na kina (qafia) hukitangulia: ibtida kya hai, intiha kya hai, mwanzo ni nini, mwisho ni nini. Kila ubeti unaishia kwenye swali. Katika ubeti wetu swali limehamia kinywani mwa Mungu, na hapo ndipo penye nguvu yake.

Ukimaliza, nenda kwa mshairi Faiz Ahmed Faiz. Alikuwa wa mrengo wa kushoto, lakini shairi lake la 1979 lijulikanalo kama Hum Dekhenge alilipa kichwa kutoka Surat Ar-Rahman, aya ya 27, na ndani yake umma unapaza an-al-haq, “mimi ni Haki”, ukelele wa Hallaj, sufi aliyeuawa Baghdad mwaka 922. Usipomjua Hallaj utaona siasa tupu.

Mshairi N. M. Rashid msubirishe kwanza. Mashairi yake huru hayana qafia ya kukushika mkono.

Baba yako