Rukia, hiyo tikiti ya mamako

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sote wazima, watoto wanakusalimu, Bi Khadija na magoti yake ni yale yale. Salamu nazikata hapo kwa sababu tikiti ya mamako imeninyima raha.

Jana aliniita Langoni, hapa Lamu, nimsomee ile karatasi aliyochapishiwa saiba. Akaipangusa kwa ncha ya leso, akaniuliza: "Natoka Nairobi saa tano u nusu usiku, nafika New York saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Si saa saba tu hizo?" Ikabidi nimweleze kuwa ni saa kumi na tano hewani, karibu kilomita 11,800, ila Januari saa zenu ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Ndege inakwenda magharibi na usiku unakwenda nayo, giza halimwishi. Alinyamaza, kisha akauliza: alfajiri ataiswali wakati gani? Na vidonge vya sukari ameze kwa saa za wapi? La swala nitamuuliza maalim. La vidonge mpigie daktari wake wewe.

Lakini hofu yangu si hizo saa kumi na tano, ni zilizotangulia. Umemkatia ndege ya alasiri ya kutoka uwanja wa Manda hadi Nairobi, siku ile ile! Mashua hadi Manda haina shida, na Nairobi ni kilomita 450 hivi, saa moja na kidogo. Ila hiyo inatua Wilson, na ile kubwa inaondokea Jomo Kenyatta, na baina ya viwanja hivyo viwili kuna foleni ya magari ya jioni. Mvua ikiichelewesha ya Manda, ya usiku haimngoji, maana ni tikiti mbili mbalimbali. Mama mtu mzima, peke yake, na mizigo. Hapana, Rukia.

Nakuomba ile ya Manda uirudishe nyuma siku moja. Alale kwa Maimuna South C, pale karibu na Wilson, kesho yake apelekwe bila pupa. Ile ya moja kwa moja umefanya vizuri, kubadilisha ndege Dubai kungemmaliza. Mchukulie kiti cha kando ya njia ainuke anyooshe miguu. Kukaa muda wote huo damu huweza kuganda. Na kiti cha magurudumu kiombe mapema.

Mizigo nayo: ya Manda ni kilo 15 tu, na ashaanza kufunga halua. Maembe nimeyatoa, forodha ya Marekani haitayapitisha. Nadhani ameyarudisha nilipoondoka.

Kubadilisha tarehe kuna faini? Ni kiasi gani, tuchange? Nani atampokea uwanjani JFK, huko New York, wewe au Salim? Koti umemnunulia, au aje na buibui tupu kwenye baridi hiyo? Na hiyo siku moja, Rukia, utaisogeza? Nijibu leo, kesho ataniita tena.

Wako,
Zuhura