Usipokee pesa ya jirani kabla mashine haijajiendesha

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Majengo hatujambo, alhamdulillahi. Mamako anakusalimia wewe, mkeo na wajukuu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, na video ya mashine yako nimeitazama kwa makini. Fremu umeichomelea vizuri, imenyooka, na beringi umezipanga kama nilivyokufunza. Kilichoninyima usingizi ni yale maneno yako ya mwisho, kwamba baadhi ya majirani zako huko Likoni wameshaanza kukupa malipo ya kwanza ili uwatengenezee na wao jenereta isiyotaka mafuta wala tokeni. Nakuandikia kwa sababu ya pesa hizo.

Wasema mashine ilizunguka kitambo ndipo ikazimika, na kwamba dawa yake ni gurudumu zito zaidi. Haya, tulihesabu hilo gurudumu. Chuma cha kilo 50, chenye upana wa nusu mita, kikizunguka mara 1500 kwa dakika, kimebeba jouli (kipimo cha nishati) 19,000 na ushei. Ukizigeuza kwa lugha ya mita ya stima, ni wati-saa 5 na kidogo. Balbu ya wati 10 itawaka kama nusu saa. Pasi ya wati 1000 itapata moto kwa sekunde 19, kisha kwisha. Na jouli hizo zilitoka kwenye betri yako, pale mota ilipokuwa ikisukuma gurudumu mpaka lichanganye. Ukiongeza uzito, mashine itachelewa kuzimika, lakini itakuwa imekula betri zaidi wakati wa kuanza. Na ukingo wa gurudumu hilo unakwenda karibu kilomita 140 kwa saa. Boliti ikikatika, ukuta wa matofali hautalizuia, na watoto wanalala chumba cha pili. Hata kama hukubaliani nami kwa lingine lolote, hilo gurudumu lifungue leo.

Sasa tufuate njia ya umeme wako. Betri inapeleka inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba, inveta inazungusha mota, mota inavuta belti, belti inazungusha altaneta, ile inayozalisha umeme ikizungushwa, na altaneta inarudisha kwenye betri. Inveta ya kawaida hutoa kama asilimia 85 ya inachopokea. Mota ndogo ya hospawa moja, tuseme 75. Belti 95. Altaneta nzuri, 80. Zidisha zote hizo, utapata chini kidogo ya nusu. Yaani wati 1000 zikitoka kwenye betri, zinazorudi hazifiki 500, na bado hujawasha hata taa ya chooni. Zilizopotea zimo humo humo kwenye mashine: weka mkono juu ya mota baada ya robo saa, utazihisi ni joto.

Wengi hufikiri altaneta hutoa umeme kwa sababu inazunguka tu, kwa hivyo ukishaizungusha umemaliza kazi. Fanya jaribio hili. Chukua ile mota ndogo ya sumaku niliyokuachia, zungusha shafti yake kwa vidole. Nyepesi. Sasa unganisha nyaya zake mbili pamoja, zungusha tena. Utahisi inakataa, kana kwamba mtu ameishika kwa upande wa pili. Mwanasayansi Heinrich Lenz alilieleza jambo hili mwaka 1834: umeme unaozalishwa hupingana na kile kinachouzalisha. Kadiri nyumba inavyovuta umeme mwingi, ndivyo shafti inavyokuwa nzito, na mota lazima ile zaidi kuisukuma. Ndiyo maana kwenye video yako mita ilisoma volti 240 bila mzigo, lakini ulipowasha feni mlio wa mota ukabadilika. Nimeusikia. Miaka yote hii nawaindi mota, nikizifunga upya nyaya zake, sikio langu halikosi mlio huo.

Volti peke yake haisemi kitu. Taka kujua volti na ampea kwa pamoja, mzigo ukiwa umewashwa, na kwa muda mrefu. Multimita ya bei rahisi hudanganyika na umeme unaokatika-katika, huo wa inveta zisizo safi na mota zinazolishwa umeme kwa mapigo, ikaonyesha namba kubwa isiyokuwepo.

Umenitajia Nikola Tesla, yule mvumbuzi wa mambo ya umeme. Mimi Tesla nampenda kuliko unavyodhani, maana pampu za maji, feni na mashine za kusaga ninazofungua kila siku zinazunguka kwa mota ya induksheni, na hati miliki zake za mota hiyo ni za mwaka 1888. Lakini tazama alikwenda wapi alipotaka umeme mwingi. Alikwenda kwenye maji yanayoanguka. Mitambo ya mfumo wake wa umeme kule Niagara ilianza kupeleka stima mji wa Buffalo mwaka 1896. Na ule mnara wa Wardenclyffe, aliouanza mwaka 1901 kwa pesa za J. P. Morgan, ulikuwa wa kurusha ujumbe, na baadaye akataka kurusha umeme bila nyaya. Umeme wenyewe ulikuwa utoke kwenye kituo cha kuzalisha. Hata sisi hapa Kenya ni hivyo hivyo: Olkaria kuna mvuke wa ardhini, mto Tana una mabwawa, Marsabit kuna upepo. Kila mahali kuna kitu kinachoanguka, kinachovuma au chenye joto. Katika mashine yako, mwanangu, kitu hicho ni betri tu, nayo inakwisha.

Nirudi kwenye pesa.

Marekani alikuwepo mtu akiitwa John Keely, wa Philadelphia. Kampuni ya injini yake ilianzishwa mwaka 1872, akaahidi nguvu isiyo na mfano, watu wakanunua hisa, wakangoja mwaka baada ya mwaka. Alikufa 1898 bila kuuza injini hata moja inayofanya kazi. Karakana yake ilipopekuliwa, chini ya sakafu kulikuwa na tangi kubwa la chuma, na waliopekua wakasema ni la hewa iliyoshindiliwa. Halafu Stanley Meyer, aliyesema gari lake linakwenda kwa maji. Mwaka 1996 mahakama ya Ohio iliwaita wataalamu wakakitazama kifaa chake, wakakuta ni kupasua maji kwa umeme kwa njia ya kawaida, ile ile iliyomo vitabuni vya shule. Akaamriwa kuwarudishia waliomwekeza dola 25,000. Hukumu ilitaja udanganyifu mkubwa. Kampuni ya Steorn ya Ireland nayo ilitangaza mwaka 2006 kwamba imepata nishati ya bure kwa sumaku, ikaita wanasayansi waje kupima. Waliokubali kupima walitoa jibu kwa kauli moja mwaka 2009: hawakuonyeshwa nishati yoyote iliyozalishwa.

Sikufananishi na matapeli. Wewe unaiamini mashine yako, na moyo wako ni safi. Lakini mjane anayeuza viazi karai hapo kona, akikupa pesa zake na asipate stima, moyo wako safi hautamrudishia. Hiyo ni amana, na nyumba yetu inajulikana kwa kazi halali tangu babu yako alipokuwa bandarini.

Kipimo ni hiki. Mashine ianze kuzunguka. Ikishachanganya, ondoa betri kabisa, itoe nje ya chumba. Isiwepo waya wowote unaotoka kwenye soketi ya nyumba. Weka balbu moja ya wati 60. Iwake kutoka sala ya Magharibi mpaka Magharibi ya kesho yake. Ikiwaka, nitauza vyombo vyangu vya kazi nikuongezee mtaji. Na usije ukafuata zile video za kuchukua waya wa laini pamoja na chuma kilichopigwa ardhini. Huo ni umeme wa gridi uliopita kando ya mita. Ni wizi, na mtoto akisimama pekupeku karibu na chuma hicho, mchanga ukiwa umelowa, anaweza kufa. Wala usiunganishe inveta na nyaya za nyumba kabla hujazima swichi kubwa. Fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa, kumbe wewe ndiwe unayeilisha.

Kama unachotaka ni nyumba isiyolalamika tokeni zikiisha, jua lipo. Saa sita mchana hapa Mombasa, anga likiwa wazi, kila mita moja ya mraba ya bati lako inapigwa na wati 1000 hivi. Paneli nzuri hukamata kama moja ya tano. Paneli moja ya wati 400, baada ya hasara zote, itakupa kama yuniti moja na nusu kwa siku ya jua. Taa zote, redio, chaji za simu na feni ya usiku zinaingia humo, na bado utabaki na kitu. Friji itataka paneli ya pili na betri kubwa. Chumvi ya bahari ni adui wa viungio, kwa hivyo utumie boliti zisizoshika kutu na upake grisi. Kazi hii ina leseni yake kwa EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta. Masomo yake wewe utayamudu kwa urahisi, na majirani wale wale watakulipa kwa kitu kitakachowaka.

Jumamosi asubuhi nitavuka feri nije na mita yangu ya klampu, ile inayobana waya na kupima ampea. Mota usiiuze, tutaifanya pampu ya kisima. Altaneta nayo iache, nina mteja anayeitaka. Kabla sijafika, zunguka nyumba za hao majirani, umrudishie kila mmoja pesa yake mkononi, na andika majina kwenye daftari ili asisahaulike mtu. Kama sehemu umeshaitumia kununua vyuma, niambie ni kiasi gani, nitakuja nazo.

Babako